Su Dongpo: Mshairi Aliyetundika Fedha Zake Darini

Kila siku ya kwanza ya mwezi, katika nyumba moja kando ya mto Yangtze huko Uchina, bwana mmoja wa makamo alikuwa na desturi ya kukaa kitako na kuhesabu fedha. Alihesabu sarafu 4,500, akazigawa mafungu 30, kila fungu sarafu 150, kisha akayatundika yote kwenye boriti za dari. Kulipopambazuka alichukua kijiti chenye panda, cha aina ile ambayo Wachina hutumia kutundikia picha ukutani, akatungua fungu moja la matumizi ya siku hiyo. Halafu akakificha kile kijiti, asije akashawishika kutungua la pili kabla jua halijatua. Sarafu zilizosalia jioni zilitiwa ndani ya pingili kubwa ya mwanzi, na hizo zilikuwa za kuwakirimia wageni tu.

Wazee wetu wanaozikumbuka zile senti kumi za zamani zenye tundu katikati hawatapata taabu kuelewa jinsi fedha zinavyoweza kutungwa kama shanga. Sarafu za Wachina wa enzi hiyo ya Song zilikuwa vivyo hivyo, na baadhi yake zilisafiri zikafika kwetu: mwaka 1945, huko Kajengwa katika kisiwa cha Unguja, ilichimbuliwa akiba ya sarafu za Kichina, nyingi zao za enzi hiyo ya Song. Lakini turudi kwa bwana wetu.

Jina lake lilikuwa Su Shi, ingawa dunia inamjua zaidi kama Su Dongpo. Mwaka ule wa 1080 alikuwa na umri wa miaka 43, na miezi michache tu iliyotangulia alikuwa liwali wa mji, mtu wa kupigiwa goti. Sasa alikuwa mhalifu aliyesamehewa kifo. Jamaa waliomtegemea ni wengi, mshahara hakuna, na marafiki aliowaandikia barua hawakumjibu kwa kuogopa kuponzwa naye. Wachina humhesabu miongoni mwa washairi wao wakubwa, na wajuzi husifu pia hati yake ya mkono na michoro yake ya mianzi. Hayo tuwaachie wajuzi. Sisi leo tunataka kumfuata bwana huyu jikoni, maana ni huko alikonusurika.

Alizaliwa mwaka 1037 katika mji wa Meishan, jimbo la Sichuan, magharibi ya Uchina. Baba yake alikuwa msomi aliyeanza kusoma kwa bidii akiwa mtu mzima, na baba alipokuwa safarini ni mama, Bibi Cheng, aliyewafundisha watoto vitabu vya kale. Mwaka 1057 Su Shi na mdogo wake, Su Zhe, walifanya mtihani mkuu wa serikali katika mji mkuu wa Kaifeng, wakafaulu wote wawili kwa pamoja. Inasimuliwa kwamba Su Shi angekuwa wa kwanza, ila karatasi zilisahihishwa bila majina, na mtahini mkuu, Ouyang Xiu, alidhani kazi ile nzuri ni ya mwanafunzi wake mwenyewe. Akaogopa kuonekana mwenye upendeleo, akaiweka ya pili.

Kijana wa namna hiyo angeweza kupanda ngazi hadi juu kama angejua kunyamaza. Hakujua. Kuanzia mwaka 1069 Waziri Wang Anshi alianza kubadilisha mambo ya nchi: serikali ikawa inawakopesha wakulima na kudai riba, ikabana biashara ya chumvi, ikavuruga mengi yaliyozoeleka. Huenda Wang alikuwa na nia njema. Lakini Su Shi, ambaye wakati huo alitumikia katika mikoa, aliyaona matokeo vijijini, akayatia katika mashairi. Aliandika juu ya wazee wa milimani waliokaa miezi mitatu wakila vyakula visivyo na chumvi. Utaona kwamba hata kosa lake lilihusu chungu cha mtu maskini.

SAMAKI GEREZANI

Mwaka 1079, akiwa hajamaliza hata miezi minne katika uliwali wa Huzhou, askari walitumwa kumkamata. Alishtakiwa kwamba mashairi yake yanamdhihaki Mfalme. Jamaa zake walipokuwa wakimfuata kwa mashua, mashua ilizingirwa na kupekuliwa. Wanawake na watoto nusura wazimie kwa hofu. Askari walipoondoka, wanawake wa nyumbani, kwa hasira na woga, walizichoma karatasi zake, wakilaani tabia yake ya kuandika ambayo haijawaletea ila balaa. Baadaye alipozikusanya zilizosalia aliona kwamba saba au nane katika kila kumi zimepotea. Mimi siwezi kuwalaumu akina mama hao. Mtu anayeandika huhatarisha shingo yake na za wenzake pia, na mara nyingi hawaulizi.

Alifungwa kwa zaidi ya siku mia moja. Kuna kisa ambacho Wachina hawachoki kukisimulia kuhusu kifungo hicho. Mwanawe mkubwa, Su Mai, alikuwa akimpelekea chakula kila siku, na baba na mwana walipatana hivi: maadamu hakuna habari mbaya, alete mboga na nyama, akisikia kwamba baba amehukumiwa kufa, alete samaki. Siku moja Su Mai alilazimika kutoka mjini kutafuta fedha, akamwomba jamaa mmoja ampelekee mfungwa chakula, akasahau kumweleza habari ya samaki. Yule jamaa, kwa wema wake, akaona mgonjwa wa jela anastahili kitu kizuri. Akampikia samaki.

Su Shi alipofunua chakula chake alijua kwamba amekwisha. Akaandika mashairi mawili ya kumuaga mdogo wake.

Hakufa. Bibi yake Mfalme, ambaye alikuwa katika maradhi yake ya mwisho, alimwombea. Na miongoni mwa waliomtetea barazani alikuwapo rafiki yake wa tangu ujana, Zhang Dun. Tafadhali, msomaji, likumbuke jina hilo. Su Zhe alijitolea kuvuliwa cheo chake mwenyewe ili nduguye aokoke. Naye akashushwa, akapelekwa mbali kusimamia kodi ya chumvi na pombe. Su Shi akapewa cheo cha jina tu katika mji mdogo wa Huangzhou, bila mamlaka ya kutia sahihi karatasi yoyote.

SHAMBA LA MASHARIKI

Miezi ya kwanza haikuwa ya kucheka. Mchana alijifungia ndani na usiku ndipo alipotoka kutembea. Wanaomsifu Su Dongpo kama mtu aliyezaliwa na kicheko mdomoni hulisahau jambo hili. Furaha yake haikumjia bure. Aliitengeneza, na alianza na zile fedha za darini.

Mwaka 1081 rafiki yake mmoja aitwaye Ma, maskini kama yeye, aliwaomba wakubwa wa mji wakampa Su kipande cha ardhi iliyowahi kuwa kambi ya askari. Kilikuwa upande wa mashariki wa mji, mteremkoni, kimejaa vigae, mawe na miiba, na mwaka huo mvua ilikuwa haba. Msomi huyu, ambaye mikono yake ilizoea kalamu ya manyoya, alishika jembe akalima mpaka akachoka hoi. Mtumishi alipochoma magugu kiligunduliwa kisima kilichofukiwa, na Su akafurahi kana kwamba ameokota dhahabu. Akapanda shayiri, ngano na mpunga, akaomba chai ya kupanda, akapanda miforosadi ili mkewe apate majani ya kufugia nondo wa hariri. Mteremko wa mashariki kwa Kichina ni Dongpo. Akajipa jina hilo, na ndilo lililomzika Su Shi hata leo. Ni kama mmoja wetu aliyekuwa Mkuu wa Wilaya aache majina yake yote aitwe Bwana Shamba la Bondeni.

Mimea ya shayiri ilipochipua haraka na kwa wingi, alijisifu moyoni. Mkulima mmoja mzee akamwendea akamwonya kwamba majani yakinenepa mno punje hazitakuwapo. Ni bora awaachie ng'ombe wayale kidogo kwanza. Su alimtii, akavuna vizuri, akamshukuru mzee huyo katika mashairi yake.

Halafu kukawa na kisa cha ng'ombe. Siku moja ng'ombe wake wa kulimia aliugua akawa karibu kufa, na mganga wa mifugo akashindwa kuutambua ugonjwa. Mkewe, Wang Runzhi, alimtazama yule mnyama akasema ni ugonjwa wa vipele fulani, na dawa yake ni uji uliopikwa kwa qinghao, mmea wa jamii ya pakanga. Ng'ombe akanywa, akapona. (Ni katika jamii hiyo hiyo ya mimea, na kwa kuufuata utabibu wa Kichina wa kale, kwamba katika miaka ya 1970 ilipatikana dawa ya malaria ya artemisinini.) Su alifurahishwa sana na jambo hilo, akalisimulia katika barua. Barua hiyo alimwandikia Zhang Dun, ambaye kwa wakati huo alikuwa akipanda cheo. Huyu alikuwa akishughulika na mambo ya ufalme, na mwenzake amweleza habari za ng'ombe na uji.

Huyo Wang Runzhi alikuwa mkewe wa pili. Wa kwanza, Wang Fu, alifariki mwaka 1065 akiwa kijana, na Runzhi alikuwa binamu yake marehemu. Vitabu havimtaji sana mama huyu, lakini kila mahali ambapo mumewe anaonekana akifurahi katika Huangzhou, ukiangalia vizuri utamwona Runzhi nyuma yake. Mwaka mmoja shayiri ilipatikana kwa wingi lakini bei ikawa chini kabisa, na mchele ukaisha ndani. Ikabidi shayiri itwangwe iliwe badala ya wali. Watoto walipoitafuna ikalia krii krii mdomoni, wakataniana kwamba wanatafuna chawa. Su akabuni kuichanganya na maharagwe madogo mekundu, kama vile mama wa kwetu achanganyavyo mahindi na maharagwe. Runzhi akacheka sana, akakipa chakula hicho jina la kifahari kana kwamba kimetoka katika jiko la Mfalme: wali mpya wa wekundu wawili. Hebu fikiri. Familia ya liwali imefilisika, inakula chakula cha watumishi, na mezani kuna kicheko.

Mapishi yenyewe aliyaandika kwa uangalifu ule ule alioutumia kuandika juu ya vita na wafalme. Wasomaji Waislamu watanisamehe nikitaja nyama ya nguruwe, maana siwezi kuiruka. Huangzhou nyama hiyo ilikuwa rahisi kama udongo. Matajiri waliidharau, na maskini hawakujua kuipika. Su akaonyesha njia: maji kidogo, moto mdogo uliofukiwa usiwake, halafu uiache, usiiharakishe, mpaka iive kwa wakati wake. Alikula mabakuli mawili asubuhi. Leo hii nyama ya Dongpo inauzwa katika hoteli kubwa kubwa za Kichina, na wengi wanaoila hawajasoma hata ubeti wake mmoja.

Mimi naupenda zaidi mchuzi wake wa mboga, ambao haukuwa na nyama wala samaki. Alitumia kabichi ya Kichina, figili na mboga za mwituni, za namna ambayo kwetu watu wangesema ni mnavu au mchicha. Ukingo wa chungu aliupaka mafuta, na bakuli lililopakwa mafuta likafunikwa ndani juu ya mboga, pamoja na mchele kidogo na tangawizi. Wali ukapikwa kwa mvuke juu ya chungu hicho hicho, hivyo kuni za chakula kimoja zikaivisha viwili. Alieleza hata sababu ya mafuta: mchuzi ukifoka hupanda hadi ukayagusa, ukarudi chini, usimwagike motoni. Hiyo ni akili ya mtu aliyesimama mwenyewe mbele ya jiko akaangalia.

Hakufaulu katika kila kitu. Alijaribu kutengeneza pombe ya asali, akaisifu mno. Inasemekana wageni walioinywa walishindana kukimbilia msalani.

Mwaka 1082, theluji ikianguka, alijenga nyumba ndogo pale shambani, akachora theluji katika kuta zote nne. Mwaka huo huo aliandika maandishi yake mawili mashuhuri kuhusu Jabali Jekundu, ambayo watoto wa shule wa Uchina huyasoma. Watu huvutiwa na mto, mwezi na mawazo makubwa yaliyomo. Lakini safari ya pili ilikaribia kuvunjika kabla ya kuanza: palikuwa na mbalamwezi, palikuwa na samaki aliyevuliwa na mgeni jioni ile, kinywaji hakikuwapo. Su akarudi nyumbani kumuuliza mkewe. Runzhi alikuwa na akiba ya mvinyo aliyoificha siku nyingi, kwa kujua kwamba iko siku mumewe ataihitaji ghafula. Bila mtungi huo wa Runzhi sijui kama tungelipata lile andiko la pili.

Mwaka 1083 suria wake, Wang Zhaoyun, ambaye aliingia katika nyumba hiyo akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili huko Hangzhou, alimzalia mtoto wa kiume. Siku ya kumwogesha mtoto, baba alitunga shairi la mzaha akimtakia mwanawe awe mjinga, ili apate kuwa waziri bila matatizo. Mwaka uliofuata Su alipewa ruhusa ya kuhamia karibu zaidi na mji mkuu. Njiani, katika mji wa Jinling, ambao ndio Nanjing ya leo, mtoto akafariki kabla ya kutimiza mwaka. Katika mji huo huo alimtembelea Wang Anshi, yule waziri wa zamani, ambaye sasa alikuwa mzee aliyestaafu na ambaye pia alikuwa amefiwa na mwana. Wazee hao wawili, waliovunjiana maisha kwa siasa, walikaa wakazungumza mashairi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya heshima, nami nitaipita upesi. Mfalme alikufa mwaka 1085, upepo ukageuka, Su akaitwa Kaifeng na kupewa vyeo vikubwa. Kuanzia 1089 alikuwa liwali wa Hangzhou. Huko alifukua Ziwa la Magharibi lililokuwa likizibwa na magugu, akajenga kwa matope yake njia inayopita ziwani hata sasa, na akafungua mahali pa kuwatibu wagonjwa maskini, sehemu ya gharama ikitoka mfukoni mwake. Mwaka 1093 Runzhi akafa.

UTI WA MGONGO

Upepo ukageuka tena. Mfalme mpya kijana alitaka kuirudisha siasa ya babake, na aliyemfanya kuwa waziri mkuu ni Zhang Dun. Ndiye huyo huyo: aliyemtetea Su mwaka 1079 na kuandikiwa habari za ng'ombe. Sasa hakuwa na huruma. Mwaka 1094 Su, mwenye umri wa miaka 57, alipelekwa Huizhou, kusini kabisa mwa Uchina, nchi ya joto na homa ambayo watu wa kaskazini waliiogopa kama kaburi. Katika masuria wake ni Zhaoyun peke yake aliyefuatana naye.

Huko Huizhou soko lilikuwa maskini. Alichinjwa kondoo mmoja tu kwa siku. Su hakuthubutu kushindana na maofisa kununua minofu, kwa hiyo alipatana na mchinjaji amwekee uti wa mgongo. Aliuchemsha, akautia mvinyo na chumvi kidogo, akauchoma motoni mpaka ukaungua kidogo, halafu akashinda kutwa nzima akichokoa vipande vidogo vya nyama baina ya pingili, kwa furaha ya mtu anayekula kaa. Alimwandikia Su Zhe barua ya kumfundisha mapishi hayo, akimtania kwamba yeye anayekula nyama za serikali hajui utamu wa mifupa. Ubaya wake ni kwamba mbwa wa nyumba hawakufurahi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye nyama choma ya kwetu anajua kwamba Su alisema kweli, na wengine wetu tunaupigania mfupa kabla ya mnofu.

Akagundua pia matunda ya laichi, akayala kwa mamia. Lakini mwaka 1096 ugonjwa ulimchukua Zhaoyun, akiwa na miaka thelathini na kitu tu, akazikwa huko. Mwanzoni mwa 1097 nyumba mpya aliyoijenga Su kilimani ilikamilika na mwanawe Su Mai akaleta jamaa. Baada ya muda mfupi tu ikaja amri nyingine. Inasimuliwa kwamba Zhang Dun alisoma shairi ambamo Su anaeleza alivyolala usingizi mtamu wakati wa masika, akakasirika kuona kwamba mtu huyo bado anastarehe. Ikiwa kisa hicho ni cha kweli, basi mzee huyu aliadhibiwa kwa kulala vizuri.

Safari hii alipelekwa Hainan, kisiwa kilicho ng'ambo ya bahari, mwisho wa dunia kwa Wachina wa siku zile. Su Zhe naye alikuwa ameadhibiwa, akitumwa Leizhou, pwani inayotazamana na kisiwa hicho, na ndugu wawili walikutana njiani. Walinunua tambi mbovu kando ya barabara. Su Zhe akaweka vijiti chini akaguna; kaka yake alikuwa amekwisha kumaliza zake, akamcheka. Waliagana ufukweni mwezi wa sita wa kalenda yao. Hawakuonana tena.

KITANA, DIRISHA NA BESENI

Kabla ya kuvuka, Su aliandika kwamba akifika jambo la kwanza ni kujitengenezea jeneza, na la pili kaburi. Alifuatana na mwanawe mdogo tu, Su Guo. Nyama haikupatikana, wala dawa, wala makaa wakati wa baridi, na mchele ulipokosa kuletwa na meli ulikuwa ghali kama lulu. Wakatolewa hata katika nyumba ya serikali waliyopangiwa. Wenyeji na vijana waliokuja kusoma kwake wakasaidia kujenga kibanda cha udongo katikati ya miti ya jamii ya mnazi.

Ni katika hali hiyo, akiwa mzee wa miaka sitini, alipotunga mashairi matatu kuhusu starehe tatu za mtu aliyefukuzwa kwao. Hazikuwa starehe kubwa. Ya kwanza ilikuwa kuchana nywele asubuhi. Wanaume wa Kichina walifuga nywele ndefu, na ofisa aliyetakiwa barazani alfajiri alizifunga haraka chini ya kofia. Su alikuwa na nafasi sasa ya kukipitisha kitana polepole mara nyingi, mpaka ngozi ya kichwa ikapumua. Ya pili ilikuwa usingizi wa mchana dirishani, ameketi, mikono imepumzika. Ya tatu ilikuwa kuosha miguu usiku. Mchele ulikuwa haba lakini kuni zilikuwapo. Akasikiliza birika likivuma, akatia miguu katika chungu kirefu kilichofika magotini, akawa anaongeza maji ya baridi na ya moto kwa zamu, kisha akakata kucha kwa mwanga wa taa.

Hakuna kitu kati ya hivyo ambacho Zhang Dun angeweza kumnyang'anya kwa amri ya serikali. Sidhani Su alihitaji kuliandika hilo.

Su Guo naye alirithi jiko. Alichukua viazi vikuu, kwa kuwa hapakuwa na kingine, akapika mchuzi ambao baba yake aliusifu kupita kiasi, kama wazazi wafanyavyo. Mwaka 1099 wavuvi waliwaletea chaza. Wengine wakapikwa na mvinyo, wakubwa wakachomwa motoni. Mzee akamnong'oneza mwanawe asiwaambie watu wa kaskazini, wasije wakaomba wote kufukuzwa nchini ili waje kula chaza. Walijaribu pia kutengeneza wino kwa masizi, moto ukashika usiku, nusura kibanda chote kiungue. Wakauzima, na masizi yaliyobaki wakatengenezea wino.

Jioni alitembelea wenyeji wa kabila la Li, akanywa kwao, na aliporudi akiwa amelewa kidogo aliitambua njia ya kwake kwa kufuata mavi ya ng'ombe, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa nyuma ya zizi. Siku moja mvua ilimkuta njiani akaazima kofia ya mvua na viatu vya mti kwa mkulima. Wanawake na watoto walimcheka, mbwa wakambwekea. Wachoraji wa Kichina wamemchora hivyo mara nyingi, mzee mwenye kofia kubwa akitembea matopeni.

Mwaka 1100 Mfalme kijana alikufa, waliofukuzwa wakasamehewa, na Su akavuka bahari kurudi. Zhang Dun ndiye aliyeanguka sasa. Naye akapelekwa Leizhou, pale pale alipokuwa amempeleka Su Zhe. Watu walitazamia kwamba Su atapewa tena cheo kikubwa, na mwana wa Zhang Dun, aliyekuwa amewahi kufaulu mtihani chini ya usimamizi wa Su, akamwandikia kwa hofu akimwombea baba yake.

Su alijibu katikati ya mwaka 1101, akiwa tayari mgonjwa. Alisema kwamba yeye na Zhang Dun wamekuwa marafiki kwa zaidi ya miaka arobaini, na yaliyopita hayana faida kuzungumzwa. Kisha akaingia katika mambo ya nyumbani. Leizhou si pabaya, alieleza. Joto na baridi yake ni vya kadiri, na meli zikifika bidhaa za kila upande hupatikana. Ila wanawe wahakikishe mzee anachukua dawa za kawaida za kutosha, kwa matumizi yake mwenyewe, na zitakazozidi awagawie majirani. Wiki chache baadaye, mwezi wa Agosti, Su Dongpo alifariki katika mji wa Changzhou, akiwa na umri wa miaka 64, wanawe wakiwa kando ya kitanda.